Umri Aliouficha Fundi wa Mapipa: Nasaba na Haki ya Wafu

Mnamo 1671, kasisi Laurent Molins aliwahesabu walowezi wa Kifaransa wa Acadia, katika Kanada ya leo, pamoja na mifugo na mashamba yao. Pierre Lanoue, fundi wa mapipa, alipoulizwa umri wake alijibu kwamba yu mzima wa afya na kwamba hangeutaja. Étienne Robichaud aliondoka nyumbani, akamwachia mkewe jukumu la kukataa. Kasisi aliyanakili yote hayo.

Watafiti wa nasaba aghalabu huyachukulia majibu hayo kama mapengo ya kuzibwa kwa sensa za baadaye na rejista za parokia. Je, ni halali kuitoa siri ambayo mtu aliinyima serikali akiwa hai? Hoja kwamba wafu hawadhuriki ni nyepesi mno. Mwaka 1755, kanali John Winslow aliorodhesha wanaume wa Grand-Pré, waliokuwa kizuizini tayari kufukuzwa na Waingereza. Orodha hiyo leo ni hazina kwa wazao wao. Kinyume chake, rejista ya kanisa la Grand-Pré ilibebwa na wahamishwa wenyewe hadi Louisiana. Majina ni yale yale, ila nia zinakinzana, na mchoro wa ukoo huzifuta zote mbili.

Umri wa Lanoue waweza kukokotolewa, na pengine mjukuu anayo haki hiyo. Lakini kuuandika bila jibu lake ni kumfanya aseme alichokataa kusema.