Kiasi cha Moto na Deni la Dunia

Jiko hutumika vizuri pale joto linapoishia kwenye chakula na kidogo tu likapotea hewani. Hilo ni suala la ufundi, na mafundi wamelijibu kwa usahihi mkubwa. Swali linalobaki ni la maadili. Je, mtu mwenye uwezo wa kununua mkaa wa kumtosha ana wajibu wowote wa kupunguza moto sufuria ikishachemka? Na kama wajibu huo upo, anadaiwa na nani?

Kisumu na vijiji vya ufuo wa Ziwa Victoria vinafaa sana kwa uchunguzi wa swali hili, kwa sababu huko hakuna haja ya kupasha nyumba joto. Mji uko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na mchana joto hufika karibu nyuzi 30. Jiko la peleti la Ulaya au Marekani, ambalo hujilisha lenyewe vipande vidogo vya mbao iliyoshindiliwa na kupima hewa kwa mashine ili sebule isipoe wakati wa theluji, lingekaa bure Kisumu. Moto wa huko ni wa ugali, wa samaki, wa nyoyo (mahindi na maharagwe) na wa maji ya kuoga. Ukizidi hapo, faida pekee ni jasho la mpishi.

Kuni hazichomeki zote kwa mara moja. Zikipata joto hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayowaka na kuonekana kama ndimi za moto. Kinachobaki ni makaa, ambayo huungua polepole bila mwali. Hewa ikiwa haba, gesi hutoroka kabla ya kuungua na kuwa moshi. Hewa ikiwa nyingi mno, hupita kwa kasi na kulibeba joto kabla halijaigusa sufuria. Anayerekebisha jiko, liwe la peleti huko Ulaya au la udongo katika mtaa wa Nyalenda, Kisumu, anatafuta hali iliyo kati ya makosa haya mawili.

Njia ya kuipata hutegemea nishati yenyewe. Jiko la mkaa lenye kiuno chembamba, bati kwa nje na udongo wa kuchomwa kwa ndani, lilitengenezwa Kenya mapema katika miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mbadala uliofanyika Nairobi mwaka 1981. Jiko hilo hutawaliwa na mlango wake mdogo wa chini: ukifunguliwa makaa huchachamaa, ukifungwa nusu hutulia na kudumu. Majivu yakiachwa yazibe matundu, mpishi huongeza mkaa akidhani umekwisha, kumbe kilichokosekana ni hewa. Jiko la kuni la Upesi linadai nidhamu nyingine. Lilitokana na jiko la Maendeleo lililosambazwa katika muongo huohuo kwa ushirikiano na shirika la Maendeleo ya Wanawake, na vyungu vyake vimefinyangwa na wanawake wa magharibi mwa Kenya, kikiwemo kikundi cha Keyo karibu na Kisumu. Halina mlango wa kufunga, na kuziba mdomo wake kwa kuni kungezidisha moshi tu, maana kuni zilizokwisha kupata joto huendelea kutoa gesi hata zikinyimwa hewa. Moto wake hupunguzwa kwa kuvuta kuni nje, kijiti kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo mkaa hutawaliwa kwa hewa, kuni hutawaliwa kwa kuni zenyewe, na jiko la peleti hupima vyote viwili kwa pamoja.

Maji nayo yana mpaka wake. Kwa kimo cha Kisumu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na baada ya hapo moto mkali hauyaongezei joto hata kidogo. Huyageuza mvuke tu. Maharagwe yanayotokota taratibu chini ya kifuniko huiva kwa muda uleule kama yale yanayofurika na kuzima makaa. Moto wote uliozidi hapo haukumpikia mtu yeyote chochote.

Ukubwa wa upotevu huo huonekana vizuri zaidi ukifuatwa nyuma mpaka kwenye mti. Katika tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo, kilo 100 za kuni hutoa kwa kawaida kilo 10 hadi 20 za mkaa, na zaidi ya nusu ya nishati ya mti huishia humohumo. Kilo moja ya mkaa iliyochomwa bure katika mtaa wa Manyatta, Kisumu, ni kilo tano hadi kumi za mti uliokatwa mbali na macho ya aliyeichoma.

Mpaka hapa ufundi umemaliza kazi yake. Ufanisi ni uwiano kati ya kilichotumika na kilichopatikana, na uwiano hausemi kama kilichopatikana kilistahili kutafutwa. Jiko bora kuliko yote linaweza kupika karamu ya majivuno kwa ufanisi kamili. Aristotle alifundisha kwamba wema hukaa kati ya upungufu na ziada, na kwamba kati hiyo hupimwa kwa kumwangalia mhusika na hali yake. Mpishi anayesawazisha hewa anafanya jambo la namna hiyo, ila kipimo cha jiko kinapatikana kwenye mwali, na kipimo cha maisha hakipatikani hapo.

Dini mbili zenye wafuasi ufuoni zimeligusa suala hili mahali ambapo mchumi asingetarajia. Kurani, katika sura ya Al-Aaraf aya ya 31, inaruhusu kula na kunywa na papo hapo inakataza israfu, yaani ufujaji. Hadithi moja katika mkusanyo wa Ibn Majah, ingawa baadhi ya wanazuoni wameona udhaifu katika isnadi (mlolongo wa wasimulizi) yake, inasimulia jinsi Mtume Muhammad alivyomkataza sahaba Saad kufuja maji ya udhu hata akiwa kando ya mto unaotiririka. Katika Injili ya Yohana sura ya 6, baada ya umati kushibishwa mikate na samaki kando ya ziwa la Galilaya, Yesu anaagiza mabaki yakusanywe ili kisipotee kitu, na vikapu 12 vinajaa. Masimulizi yote mawili yanazungumzia wingi. Mto haukauki kwa udhu wa mtu mmoja, na aliyezidisha mikate angeweza kuizidisha tena. Kwa hiyo ubaya wa kufuja hautokani na uhaba peke yake. Anayefuja anakitendea kitu alichopewa kana kwamba hakikutoka kwa yeyote.

Hoja hii ina nguvu, na inamgusa hata mwenye gunia zima la mkaa uani. Lakini ikiachwa peke yake inaweza kugeuka mzigo wa mtu asiyestahili kuubeba. Mahubiri ya kubana matumizi humfikia kwa urahisi mama anayenunua mkaa kwa kopo la gorogoro, naye tayari anabana kuliko wote, tena analipa bei kubwa kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia. Kenya ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii mwezi Februari 2018, amri iliyodumu miaka kadhaa, mkaa ulipanda bei nchini. Msitu ulihitaji ulinzi huo. Hata hivyo sehemu ya gharama yake ilitolewa mifukoni mwa watu waliokuwa na nafasi ndogo kabisa ya kuchagua nishati nyingine.

Mwanafalsafa aliyeacha nyenzo bora za kulitatua suala hili la nani adaiwe alizaliwa Nyanza kwenyewe, eneo la Kisumu. Henry Odera Oruka, wa Ugenya, alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kujulikana duniani kwa kuyarekodi mawazo ya wazee wenye hekima, akiwemo baba yake mzazi. Mwaka 1991 mkutano wa dunia wa falsafa ulifanyika Nairobi, mada yake ikiwa mwanadamu na mazingira, naye alikuwa mstari wa mbele kuuandaa. Katika miaka hiyo, kwa sehemu akishirikiana na Calestous Juma, msomi mwingine wa ufuo wa Ziwa Victoria, alijenga maadili ya dunia kama mzazi. Aliitazama dunia kama familia ya watoto sita, wawili wakiwa matajiri na wanne maskini. Kila mtoto ana haki juu ya alichokipata kwa juhudi au bahati yake. Juu ya haki hiyo, hata hivyo, kuna deni la pamoja: wote wametokana na mzazi mmoja, usalama wa familia ni wa wote, na aibu ya mmoja inawafikia wengine. Pale bahati ya mtu na deni la familia vinapogongana, deni hutangulia.

Desturi ya Wajaluo ya kuanzisha boma inaiweka fikra hii mahali pa kuonekana. Mwanamume anayehama boma la baba yake hutoka na mkewe na mwanawe wa kwanza, na pamoja na jogoo na shoka hubebwa moto. Meko mapya hayaanzi na utupu. Aliyewasha moto amepokea, na anayepokea hudaiwa.

Nyenzo ya pili ya Oruka ni kima cha chini cha ubinadamu: usalama wa mwili, afya na riziki, ambavyo pasipo hivyo mtu hawezi kutimiza wajibu mwingine wowote wa kimaadili, kwa hiyo hawezi kudaiwa. Kwa nyenzo hizi mbili swali la jiko linapata mpangilio. Aliye chini ya kima hicho hadaiwi kuokoa mkaa kwa ajili ya dunia. Akiuokoa, anajiokoa mwenyewe. Aliye juu yake anadaiwa, na deni hukua kadiri anavyokwenda juu.

Mpangilio huo unajibu pia pingamizi la kiuchumi lililotolewa na Mwingereza William Stanley Jevons mwaka 1865. Jevons aliona kwamba injini za mvuke zilipoanza kula makaa ya mawe kidogo kwa kila kazi, Uingereza ilizidi kuyachoma, kwa sababu nguvu ilikuwa rahisi na kazi zake zikaongezeka. Vivyo hivyo, familia iliyopata jiko bora inaweza kupika mara nyingi zaidi, na akiba ikayeyuka. Kwa kiwanda hilo ni onyo la kweli. Kwa familia iliyokuwa ikila mlo mmoja wa moto kwa siku, mlo wa pili ni sehemu ya kima cha chini, na kuuhesabu kama upotevu ni kuipima haki kwa mizani ya mkaa.

Mfano mzito zaidi wa deni hilo uko Obunga, mtaa wa Kisumu unaojulikana kwa mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyotolewa minofu. Samaki aitwaye mbuta (sangara) aliletwa Ziwa Victoria katikati ya karne ya 20. Kwa sababu ya mafuta yake haanikwi juani kama omena (dagaa). Hukaangwa au hukaushwa kwa moshi, na kuingia kwake kuliongeza mahitaji ya kuni ufuoni kote. Viwanda vya samaki vilipofunguliwa, minofu ikaenda ng'ambo, na mifupa yenye nyama iliyosalia ikabaki kwa wanawake wanaoikaanga kwenye sufuria kubwa juu ya moto wa kuni na kuiuza kwa wenye kipato kidogo. Moshi huo huhesabiwa kuwa wa Obunga. Kwa maadili ya Oruka, sehemu ya deni lake iko kwenye meza ambayo minofu iliishia.

Upo pia mpaka ambao akiba haiwezi kuuvuka hata kwa nia njema. Mkaa unaonyimwa hewa huzidisha kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua katika chumba kilichofungwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2, wakiwemo watoto wengi wa chini ya miaka mitano. Kufunga mlango wa jiko ni busara ikiwa mlango wa jikoni uko wazi. Akiba inayolipwa kwa mapafu ya mtoto ni deni jipya, na mdai wake hana hata sauti ya kudai.

Imebaki hoja ya mashine. Katika muongo wa 2010 kampuni ya Inyenyeri, huko Gisenyi, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, iliuzia familia peleti zilizochomwa katika jiko lenye feni ndogo, hewa yake ikipimwa kwa kitufe. Jiko la namna hiyo hulibeba jukumu ambalo mpishi wa Upesi hulibeba kwa macho na mkono. Mfuasi wa Aristotle angeweza kusikitika kwamba wema usio na mazoea si wema. Masikitiko hayo yanasahau nani amekuwa akifanya mazoezi. Umakini wa mwanamke anayechunga kijiti kwa kijiti, huku akibeba mtoto na kuhesabu sarafu, nao ni nishati, na haujaingizwa katika hesabu ya ufanisi wa jiko lolote. Fundi anayempunguzia kazi hiyo hamnyang'anyi sifa. Nidhamu ya kiasi itafutwe kwa walio na nafasi ya kuivunja: hoteli, mabweni ya shule zenye masufuria ya maharagwe yanayofurika bila kifuniko, majumba ya mtaa wa Milimani yenye maji ya moto yasiyozimwa, na mnunuzi wa minofu upande wa pili wa bahari.