Bei ya Lango

Mwanzoni mwa mwaka 2018, mauaji yalipozidi katika nchi ya Djugu, maelfu ya watu walikimbilia Bunia na watoto wao na mikeka yao. Wengi walilala vibandani karibu na Hospitali Kuu. Wenye fedha kidogo walitafuta nyumba ya kupanga, hasa ile iliyozungukwa na ukuta wa matofali, yenye lango la chuma na mlinzi. Maana aliyeponea panga hapati usingizi penye ua wa miti.

Basi uwekwe mfano. Mtu alikuwa akipangisha nyumba ya namna hiyo kwa dola 50 kwa mwezi. Hakuongeza tofali hata moja, wala bawaba za lango hazikupakwa mafuta. Lakini alipomwona mama mkimbizi amesimama nje, alitaja dola 100, na dhamana ya miezi 6. Mama akajibu, “Ndiyo, baba.” Je, amedhulumiwa?

Wengi watasema: nyumba ni mali ya mwenyewe, na mama amekubali. Neno hilo lisidharauliwe. Ukuta una gharama zake, saruji hupanda bei, na mlinzi ataka mshahara. Hayo yote mwenye nyumba ana haki ya kuyadai. Walakini kukubali kwake azamaye si sawa na kukubali kwake asimamaye ukingoni.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha ya kuwa muuzaji aweza kuhesabu hasara yake mwenyewe katika bei. Bali shida ya mnunuzi si mali ya muuzaji, naye hawezi kuuza kisicho chake. Hofu ya mama ni ya mama. Zile dola 50 za nyongeza zimelipia nini? Si ukuta, kwani ukuta ulikwisha hesabiwa katika dola 50 za kwanza.

Habari ya dhamana ni nyepesi: sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 hairuhusu kupita kodi ya miezi 3 kwa nyumba ya kukaa.

Lililo gumu zaidi ni la mgeni wa shirika, mwenye mshahara mnono, alipaye dola 100 bila kunung’unika. Yeye hakuonewa. Lakini mwaka ufuatao majirani wote hutaja bei ile ile. Na mwalimu wa shule, ambaye hakuwapo walipokuwa wakipatana, ndiye afungaye kitanda chake juu ya mkokoteni, aende kukaa pembeni mwa mji, pasipo ukuta.