Mtende Hutikiswa

   

Leo tukae kidogo chini ya mtende wa Bibi Maryam, katika sura ya Qur'ani iliyobeba jina lake. Uchungu wa uzazi ulimfikisha pale akiwa peke yake, mbali na watu wake, akijua maneno yanayomngoja akirudi. Ukamzidi uzito, akatamani laiti angekuwa ameshakufa na kusahauliwa. Huyo ni Maryam, mteule wa Mola wake. Wala hakukaripiwa. Hakuambiwa imani yake imepungua. Alitulizwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaamrishwa autikise mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, atulie, na siku hiyo asisemezane na mtu.

Zingatieni, ndugu zangu. Aliyempa mtoto bila baba hakushindwa kumwangushia tende bila ya yeye kunyanyua mkono. Na mzazi aliyechoka ana nguvu gani ya kutikisa mtende? Lakini aliamrishwa auweke mkono. Mkono ulikuwa wake, tende zilikuwa za Mola wake.

Nayasema haya kwa ajili ya wagonjwa wa sonona waliomo majumbani mwetu. Sonona haifanani na huzuni ya siku mbili. Wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, moyo ni mzito, alichokipenda mtu hakimpi raha, usingizi umepaa au umezidi, chakula hakishuki. Mama anamsikia mwanawe akilia naye anamtazama tu. Kijana anasikia adhana, mwili haunyanyuki, kisha anajilaumu kutwa nzima. Nasi twasema: ana mawazo tu, imani yake ndogo, ana jini. Tunamzungusha kwa waganga mpaka mali inakwisha, na ugonjwa uko palepale.

Nabii Yaaqub (A.S.) macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni, naye ni Nabii. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na wahka na huzuni. Na mabedui walipomuuliza kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu, kwa kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa, isipokuwa uzee. Wanachuoni wetu walilifahamu hilo mapema. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akapambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake.

Basi, ewe mgonjwa, weka mkono wako kwenye mtende.

Nenda hospitali. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ikihitajika, watakuelekeza kwa mabingwa, kama walioko Mirembe kule Dodoma, Kidongo Chekundu Unguja au Mathari Nairobi. Huenda ukapewa mazungumzo ya ushauri, au dawa, au vyote viwili. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, na wengi huziacha njiani wakidhani hazifai. Wengine huziacha siku wanapojisikia vizuri, ugonjwa ukarudi. Madaktari hutaka uendelee nazo miezi 6 au zaidi baada ya kupona, kisha uzipunguze polepole kwa maelekezo yao. Ramadhani ikikaribia, muulize daktari wako mapema. Na mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga kwa Mola wake.

Uhurumie na mwili. Lala na uamke kwa saa zilezile, simu iwe mbali na kitanda. Ukitoka Alfajiri msikitini, rudi kwa miguu kwa njia ndefu, jua likukute njiani. Achana na mirungi na bangi. Kula hata kidogo. Bibi Aisha alikuwa akiagiza talbina, uji wa shayiri, wapewe wafiwa, kwani alimsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kuwa huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Sehemu, ndugu zangu. Uji una sehemu yake, dawa ina sehemu yake, matembezi yana sehemu yake, nayo dua imezizunguka zote. Usipoweza kusimama, sali umekaa. Uradi mfupi unaodumu unatosha.

Nasi tulio karibu naye tumpunguzie maneno, kama Maryam alivyopunguziwa. Tumpelekee uji, tukae naye, tumsindikize kliniki. Akisema anatamani kufa, tusimwache peke yake hata kidogo. Tumwondolee vya kujidhuru navyo, tumpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Tende hazianguki zote kwa mtikiso mmoja. Leo umeoga, kesho umefika mlangoni, wiki ijayo umecheka na mwanao. Hizo ndizo tende zenyewe. Ziokote na umshukuru Mola wako.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wanaojulikana na wanaojificha. Ipe nguvu mikono iliyochoka, na utufanye sisi kuwa kivuli kwao. Amin.