Paka Ana Sura Gani?

Mimi ni mpiga picha za harusi, lakini asubuhi huwapiga picha paka wa mtaa wa Mbaraki, wale wanaojilaza kivulini mwa mnara wa kale. Mzee mmoja wa mtaani huniuliza, "Mwanangu, paka ana sura gani ya kupigwa picha?" Swali zito hilo. Nikichuchumaa mpaka kamera ilingane na macho ya paka, yule mwenye sikio lililochanika hunikagua kwanza, kisha ndipo aamue kukaa au kwenda zake.

Lakini mara nyingi katika picha ya mnyama tunajitafuta sisi. Desemba 2004, baada ya tsunami, kiboko mchanga aliokolewa baharini Malindi, akapelekwa Haller Park, Bamburi. Akamganda kobe mkongwe aitwaye Mzee, wakawa wanakula na kulala pamoja. Picha za mwanahabari Peter Greste zikazunguka dunia, watu wakasema: mama na mwana! Sikubaliani nao. Kobe yule ni dume, na mwanzoni alikuwa akimkwepa mgeni wake. Tulichokipenda pale ni sisi wenyewe.

Kurani, sura ya 6 aya ya 38, inawahesabu wanyama kuwa ni umma kama sisi. Basi umma una mambo yake. Ndugu yangu, ukimpiga picha punda wako, usimvalishe miwani ya jua. Msubiri akutazame.