Mwanamke Hakuyaleta Maradhi Peke Yake

 

Alinijia kijana mmoja baada ya darsa, akangoja watu watoke, kisha akaniuliza suala ambalo naliona lafaa kujibiwa mbele ya watu wote, kwani si lake peke yake. Ana watoto watatu, na wawili wana maradhi ya selimundu. Mamake amemshikilia amwache mkewe, asema ukoo wa mwanamke huyo una damu mbovu, na kwamba kwao hayakuwapo maradhi hayo kabla ya kuletwa. Tena dada yake kijana huyo ameposwa na binamu yao wa kuumeni, na wazee hawataki habari ya kupimwa damu, wasema ni kuichungulia kadari ya Mwenyezi Mungu.

Nitaanza na hilo la mwanamke, maana ndilo lenye dhuluma.

Selimundu hairithiwi kwa mzazi mmoja. Kila mtu hupokea asili ya damu yake kwa babake na kwa mamake, fungu moja huku na fungu moja huku. Mwenye kupata fungu moja lenye kasoro na moja zima huwa ni mbebaji tu, hali ya kawaida haugui, na aweza kuishi hadi uzee asijijue. Anayeugua ni yule aliyelipata fungu hilo kwa wote wawili. Basi kijana huyu, kwa kuwa yeye na mkewe ni wazima na watoto wao wawili ni wagonjwa, ni mbebaji sawa na mkewe. Damu aliyoitukana mamake ndiyo iliyomo katika mishipa ya mwanawe, na imetoka kwake yeye au kwa mumewe!

Na jambo hili la asili kujificha kisha kutokea halikuanza kusemwa na matabibu wa leo. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya bwana wa Bani Fazara aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akilalamika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, naye anamtilia shaka. Mtume akamuuliza habari za ngamia zake: rangi zao ni zipi, na je, hamna mmoja wa kijivujivu kati yao? Akakiri yupo. Akamuuliza ametoka wapi. Yule bwana akasema pengine ni mshipa wa asili yake uliomvuta. Basi Mtume akamjulisha kuwa na mwanawe huenda ikawa ni hivyo hivyo. Tazameni namna alivyomfunga mtu ulimi asimdhulumu mkewe, kwa hoja ya zizi lake mwenyewe.

Wala pwani yetu haina haki ya kuyaonea haya maradhi haya kana kwamba ni ya nyumba moja. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia nchi hii ya Kenya, alipima damu za watu akaona kuwa katika baadhi ya kabila za karibu na pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria wabebaji wapita 20 katika kila watu 100, na huko nyanda za juu hawafiki hata mmoja. Mwaka 1954 akaeleza sababu: mwenye kubeba fungu moja hukingika na malaria kali. Kwa hivyo asili hii ilibaki kwetu kwa kuwa iliwahifadhi wazee wetu na homa. Lakini mtoto aliyepata mafungu mawili, malaria kwake ni hatari kubwa zaidi, na ndiyo maana kumjua mapema, akapewa dawa za kumkinga na sindano za chanjo, kwaokoa maisha yake. Kumpeleka kuvukizwa na kunyweshwa makombe huku viungo vyamuuma na macho yamegeuka manjano, huko ni kumpotezea wakati wake.

Liko kosa moja la hesabu ambalo nimelisikia hata kwa watu wenye kusoma. Wasema: wazazi wakiwa wote ni wabebaji, mtoto mmoja katika wanne ndiye huugua, basi tukishapata mgonjwa mmoja, watatu wajao ni salama. Sivyo. Kila mimba ina hesabu yake upya: nafasi moja katika nne ya kuugua, mbili za kuwa mbebaji, moja ya kuepukana nayo kabisa. Mimba iliyopita haiilipii deni mimba ijayo. Kijana wetu ana wagonjwa wawili katika watatu, na hiyo si ajabu wala si laana.

Ama kadari, wenye kuitaja hapa hawakuifahamu. Sayyidna Umar (R.A.) alipofika mpakani mwa Sham akaambiwa kuna tauni, alirejea na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu kuwa ndiyo, aikimbia na kuiendea kadari yake nyingine. Kupima ni kutaka habari, na habari haikuharamishwa. Mtu aliyetaka kuoa mwanamke wa Kiansari, Mtume alimwamrisha akamtazame kwanza, kwa kuwa katika macho ya Ansari mna kitu. Na Fatima binti Qays alipoposwa akaja kutaka shauri, alielezwa aibu za wale waposaji waziwazi. Basi vipi ajuaye kuwa ni mbebaji afiche mpaka baada ya nikaha?

Wengine nao huruka upande wa pili, wakasema kuoana binamu kukatazwe. Hilo si letu kulikataza, kwani ni halali kwa nassi ya Kurani, na ile kauli wanayoitaja kuwa ni hadithi ya kuamrisha kuoa mbali, wanachuoni wa hadithi hawakuipatia asili. Ila halali si faradhi. Ndugu wa mbebaji yu karibu kuwa mbebaji, na binamu waliotoka kwa babu mmoja huenda walipokea fungu lile lile. Hao wana haja zaidi ya kupima kabla.

Lakini nani aamue baada ya majibu? Hapa nataka kutaja kazi ya Theresa Marteau wa Uingereza, aliyeshughulika miaka mingi na vipimo vya urithi na maamuzi ya wagonjwa. Mwaka 2001 yeye na wenzake walitoa kipimo cha kujua kama mtu amechagua kwa ujuzi. Hawakuuliza kama alikubali kupimwa. Waliuliza: je, aelewa anachokubali au anachokataa? Na je, alilolitenda lalingana na lile aliloliamini? Mwenye kupima asielewe, hakuchagua. Na mwenye kukataa akijua, amechagua. Nao mwaka 2005 walieleza kuwa wanawake waja wazito wa jamii za wachache na wa hali duni, ambao hupimwa kidogo zaidi, hawakuwa wakivichukia vipimo zaidi ya wenzao; ila wengi wao hawakuwezeshwa kutenda walilolitaka. Mara ngapi tumesikia ikisemwa kuwa Waislamu hawataki kupimwa! Nani aliyewaeleza kwa lugha yao wakakataa?

Saudia tangu 2004 wameifanya kuwa lazima kupima selimundu kabla ya nikaha, lakini majibu hayazuii ndoa. Mwaka ule wa kwanza, katika wachumba waliokutwa wote ni wabebaji, walioacha kuoana walikuwa kama 9 katika 100. Kufikia 2009 wakawa kama 52. Hawakulazimishwa. Na Marekani katika miaka ya 1970 kulipimwa watu weusi kwa haraka bila ya kufahamishwa, wabebaji wazima wakahesabiwa wagonjwa, wakanyimwa kazi na bima. Kipimo ni kimoja, na matunda ni mawili.

Kwa hivyo tabibu na afafanue, na siri aiweke. Na mwenye kupata majibu ya mwenziwe asiyatembeze barazani. Pia vipimo hivi huweza kufichua mambo ya nasaba, na hapo pana mpaka: Baraza la Fikihi la Rabita huko Makka liliamua mwaka 2002 kuwa haijuzu kutegemea kipimo cha jeni kuikanusha nasaba, kikashika mahala pa liani.

Kijana yule nilimwambia arudi nyumbani amwombe radhi mkewe, kisha wapimwe wote wawili, na amchukue mamake asikie kwa masikio yake. Alimchukua. Mama alikaa kimya njia nzima ya kurudi, na siku ya pili akapeleka chakula kwa mkamwana, jambo ambalo hakulifanya mwaka mzima. Ama dada yake na mchumba wake, walikwenda kupima kwa hiari yao. Majibu ni yao, mimi sikuyauliza.