Tairi Mpya Zikafungwa Mbele

Gari lilikuwa la mjomba na dereva alikuwa mtoto wa dada yake, jambo ambalo kijijini Bongwe halimshangazi mtu. Kwa mila ya Wadigo mjomba ni mjomba, na mpwa huzaliwa na fungu lake katika mali, pengine na fungu lake katika kuiharibu. Kisa chenyewe ni cha kutunga. Tairi zake si za kutunga. Zitafute chini ya Probox yoyote inayopakia Ukunda.

Probox za kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele. Tairi mbili za mbele zinabeba injini, zinavuta gari, zinakata kona, na breki ikikanyagwa uzito mwingi unazielemea hizo hizo. Za nyuma zinafuata tu. Ndiyo maana za mbele huisha mapema, huku za nyuma bado zina meno. Basi tairi huzungushwa kila kilomita 8,000 hadi 10,000: za mbele hurudi nyuma, kila moja upande wake, na za nyuma huja mbele kwa kupishana, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Matatu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma hufanyiwa kinyume, za nyuma zije mbele moja kwa moja na za mbele zipishane zikirudi nyuma. Tairi iliyochorwa mshale ubavuni haivuki upande hata kidogo, kwa sababu mifereji yake hutoa maji vizuri ikizunguka kuelekea mshale tu.

Kijana alikuwa ameyasikia yote hayo. Lakini gari lilikuwa na kazi: asubuhi abiria wa Bongwe kwenda Ukunda, mchana mizigo ya Diani, siku nyingine madafu ya Msambweni. Kilomita 8,000 zikapita, zikapita tena. Siku usukani ulipoanza kuvuta upande ndipo akaenda kwa fundi wa tairi.

Fundi hakujali upande wa nje, ambao ulikuwa unapendeza. Aliinama, akapitisha kiganja kwenye meno ya upande wa ndani. Kwenda, laini. Kurudi, kama msumeno.

"Mwanangu, gari hili halijasimama sawa. Lipige alaimenti kwanza."

"Mzee wangu, zungusha tu. Hizi zirudi nyuma, zile zije mbele."

"Zile nazo zitaliwa papa hapa."

"Alaimenti ni pesa, mzee."

"Na tairi ni nini?"

Fundi alikuwa anasoma, na mtu yeyote anaweza kujifunza kusoma hivyo. Tairi ikilika kingo zote mbili, imekuwa ikitembea na upepo mdogo. Ikilika katikati, upepo umezidi. Ikilika ukingo mmoja, tazama alaimenti, na pengine bushi au boli joint imekufa. Katika njia zetu za mawe na mashimo hilo si ajabu. Ikiwa na mabonde mabonde, shokabu zimechoka. Kuzungusha kunagawa uchakavu wa kawaida kwa tairi zote nne. Gari lenye hitilafu ukilizungushia tairi, unalipelekea tairi nzima ili nazo zikaharibike.

Ndivyo ilivyokuwa. Zilizoliwa zikaenda nyuma, mahali ambapo hakuna mtu anayeinama kuangalia. Zilizokuwa nyuma zikaja mbele, na baada ya miezi michache waya ukaanza kuchungulia upande wa ndani. Mjomba akanung'unika, akatoa pesa za alaimenti na za tairi mbili mpya. Kijana akaagiza mpya zifungwe mbele. Hoja yake ni ile utakayoisikia kwa madereva wengi: usukani uko mbele, breki kubwa iko mbele, basi na tairi nzuri ikae mbele.

Hoja inaingia akilini, na ni makosa.

Ikaja mvua ya mwezi wa tano, ile ya pwani isiyouliza mtu. Kijana alikuwa ametua mzigo Gazi, anarudi Ukunda bila mzigo, nyuma ya gari kukiwa kwepesi. Kwenye kona maji yalikuwa yametanda barabarani. Tairi za mbele, zikiwa na mifereji mipya, ziliyakata maji zikashika lami. Za nyuma, kipara upande wa ndani, zilielea. Akaondoa mguu kwenye mafuta ghafla, kama ambavyo ungefanya wewe, uzito ukahamia mbele na nyuma kukazidi kuwa kwepesi. Gari likageuka likaelekeza taa Msambweni, likashuka mtaroni kinyumenyume. Bampa na taa moja vikaenda. Kijana alitoka mzima, kwa sababu wakati huo hakukuwa na lori lililokuwa likija upande wa pili. Hakuna sababu nyingine.

Hapo ndipo watengenezaji wa tairi wanapowashangaza madereva: ukinunua mbili tu, mpya zinafungwa nyuma, gari livutwe na magurudumu ya mbele au lisukumwe na ya nyuma. Za mbele zikiteleza, gari linakataa kona na kunyoosha. Ukipunguza mwendo taratibu, aghalabu linarudi mkononi. Za nyuma zikiteleza, gari linajizungusha, na dereva wa kawaida hawezi kuliwahi. Kwa hiyo kuzungusha kuna wakati wake, tofauti ya mbele na nyuma ikiwa bado ndogo. Tofauti ikishakuwa kubwa, umechelewa. Usipeleke kipara nyuma kwa jina la kuzungusha. Wenye Subaru wana sababu ya ziada, kwani gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne muda wote huumia ndani ya mitambo yake tairi zikipishana ukubwa.

Mjomba alikuja mwenyewe gereji safari hii, na alikuwa amekwishaona jozi ya tairi za mitumba yenye meno marefu kwa bei ya kirafiki. Fundi akaigeuza moja, akamwonyesha tarakimu nne ubavuni: 2214. Wiki ya 22, mwaka 2014. Mpira ulikuwa na nyufa ndogo ndogo ukiukunja. Mjomba akairudisha chini bila neno, akanunua mpya.

Zikafungwa nyuma. Nati zikakazwa kwa kupishana, gari likiwa limeshashushwa kutoka kwenye jeki, na fundi akaagiza lirudishwe baada ya kilomita 50 zikazwe tena. Mjomba akataka kujua kama hiyo nayo inalipiwa. Akaambiwa ni bure, akamgeukia mpwa wake kuzungumzia bampa.