Mwenye Mali na Mali Yake

Katika Ulaya na Marekani wako watu wazima wakusanyao motokari ndogo za madini, mifano ya magari ya matajiri yasiyo na paa. Kiwanda cha Dinky Toys katika mji wa Liverpool, Uingereza, kilitengeneza mifano hiyo, kama ule wa Cadillac Eldorado, hata kilipofungwa mwaka 1979. Vilikuwa vichezeo vya watoto. Leo kile kisichoguswa na mtoto, kilichomo bado katika kisanduku chake, ndicho chenye bei kubwa.

Je, kukusanya vitu hivyo ni kosa? Hapana. Mwenye kupenda kazi njema ya mafundi na kuwaonyesha wenzake, furaha yake ni ya haki. Lakini yule amkatazaye mwanawe hata kutazama, huyo si bwana wa mali, bali mtumwa wake.

Motokari hizo huundwa kwa zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Zinki ikichanganyika na risasi kidogo tu, baada ya miaka hupasuka na kumomonyoka, ijapokuwa imefungiwa kabatini. Ndivyo ulivyo uchoyo: ukiingia kidogo katika pendo jema, huliharibu toka ndani.